Samaki aliyejeruhiwa: Maji safi ndiyo dawa ya kwanza

WAFUGAJI wengi wa samaki wa mapambo mijini, wanapoona samaki wao amepata jeraha, hukimbilia dukani kutafuta dawa. Samaki huyo anaweza kuwa amenyofolewa magamba na mwenzake, amechanika pezi kwenye jiwe lenye ncha kali, au ameruka nje ya tangi la vioo na kuanguka sakafuni.

Dawa humiminwa majini siku hiyo hiyo, na baada ya siku tatu au nne samaki hukutwa amekufa. Mwenye tangi hubaki akiamini kuwa jeraha lilikuwa kubwa mno, au kwamba dawa aliyouziwa haikuwa na nguvu.

Mara nyingi sababu huwa nyingine kabisa. Jeraha la ngozi au la pezi, kama halikufika kwenye viungo vya ndani, ni jambo ambalo mwili wa samaki una uwezo mkubwa wa kulitibu wenyewe. Kinachoukwamisha mwili huo ni maji, ambayo mgonjwa huishi, hupumua na kujisaidia humo humo kwa saa 24.

Kwa sababu hiyo, tiba ya samaki aliyejeruhiwa huanza kwa kuyatibu maji yake. Dawa ya dukani, pale inapohitajika, huja baadaye.

Mwili unavyojitibu

Binadamu anapokatwa, damu huganda na kufanya kigaga kinachofunika kidonda. Samaki hana kigaga kikavu. Chembe hai za ngozi ya juu zilizo pembeni mwa jeraha husogea na kulifunika, na jeraha dogo huweza kupata utando mpya katika muda wa saa chache hadi siku moja au mbili. Nyama ya chini na magamba huchukua wiki kadhaa kujijenga upya.

Uwezo huo ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2002 wanasayansi nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti juu ya samaki mdogo mwenye mistari kama ya pundamilia, ambaye hufugwa sana majumbani na katika maabara. Waliondoa takriban sehemu moja ya tano ya chumba cha chini cha moyo wake, na baada ya kama miezi miwili moyo ulikuwa umeirudisha nyama iliyokatwa. Pezi la samaki huyo likikatwa huota tena katika muda wa wiki mbili hivi, iwapo maji yana joto la kutosha.

Hata hivyo, kazi hiyo inahitaji nguvu, na jeraha lenyewe humnyang'anya samaki nguvu hizo. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Maji hujipenyeza mwilini mwake muda wote, huku chumvi ikivuja kutoka nje, na figo zake hufanya kazi bila kupumzika kuyatoa maji hayo.

Ngozi, magamba na ule ute unaoteleza mwilini ndivyo vinavyopunguza upenyezaji huo. Vinapobanduka, mlango hubaki wazi. Maji mengi zaidi huingia, chumvi nyingi zaidi hutoka, na vijidudu vilivyomo majini hupata pa kuingilia.

Vijidudu hivyo havikuletwa na jeraha. Bakteria wanaooza mapezi na kuvu wa majini anayeonekana kama pamba nyeupe juu ya kidonda huwamo karibu katika kila tangi. Samaki mzima mwenye ute kamili huishi navyo bila madhara. Hupata nguvu pale maji yanapojaa uchafu na samaki anapodhoofika.

Sumu isiyoonekana

Kosa linalowapoteza wengi ni kuyapima maji kwa macho. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakawa na sumu.

Sumu kuu ni amonia. Samaki huitoa mwilini hasa kupitia matamvua, yaani sehemu anayopumulia. Nyingine hutokana na kinyesi, chakula kilichobaki na majani yanayooza. Ziwani au mtoni amonia husambaa katika maji mengi na kupungua makali. Katika tangi la lita 60 haina pa kwenda, na huunguza matamvua na ngozi, ikiwemo ile ngozi changa inayojaribu kufunika jeraha.

Kinachowaokoa samaki wa tangini ni bakteria wema wanaoota juu ya mawe, kokoto na hasa ndani ya chujio. Kundi moja huibadili amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huibadili nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu, kwa kuwa huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni. Samaki huhema haraka na kupanda juu kutafuta hewa, ingawa majini oksijeni ipo. Nitrati haina makali hayo, na hupunguzwa kwa kubadili maji mara kwa mara.

Bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kuenea katika tangi jipya. Ndiyo maana samaki wengi hufa katika mwezi wa kwanza baada ya kununuliwa, na ndiyo maana samaki aliyejeruhiwa katika tangi jipya yumo katika hatari maradufu.

Jambo jingine lisilojulikana na wengi ni kuwa ukali wa amonia hutegemea aina ya maji. Katika kipimo cha pH cha 7, maji yakiwa na nyuzi joto 25, haifiki hata sehemu moja katika 100 ya amonia yote iliyo katika hali ya sumu kali. Kipimo kikipanda hadi 8, sehemu hiyo hufika kama tano katika 100. Kikifika 9, hupita sehemu 30. Joto likiongezeka, sumu nayo huongezeka.

Hesabu hiyo inawagusa moja kwa moja wafugaji wa samaki kutoka maziwa makuu ya Afrika. Mbuna wa Ziwa Nyasa na jamaa zao wa Ziwa Tanganyika, ambao ni wa ukoo mmoja na sato na perege, hufugwa kwenye matangi duniani kote kwa ajili ya rangi zao. Maziwa yao yana maji ya alkali, na kipimo cha pH cha Ziwa Tanganyika hukaribia 9. Tena samaki hao ni wagomvi, na madume hugombea eneo kwa kung'atana mapezi. Hivyo samaki anayejeruhiwa mara nyingi zaidi ndiye anayehitaji maji ambamo kiasi kidogo cha amonia huwa sumu kali.

Huruma inayoua

Mwenye tangi akishaelezwa kuwa maji ndiyo tatizo, huweza kuangukia kosa la pili. Humwaga maji yote, huosha mawe na chujio kwa maji ya bomba hadi vitakate, kisha hujaza tangi upya na kumrudisha mgonjwa. Tangi hupendeza, lakini samaki huweza kufa kabla ya asubuhi.

Kwanza, maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya maradhi. Kiasi kisichomdhuru binadamu anayekunywa huweza kumdhuru samaki, kwa sababu maji hayo hupita moja kwa moja juu ya matamvua yake. Klorini hiyo hiyo huwaua bakteria wema wa kwenye chujio, na siku mbili au tatu baadaye amonia huanza kupanda bila kizuizi.

Pili, joto hubadilika ghafla. Maji yaliyokaa kutwa katika tangi la plastiki juu ya paa huwa ya moto alasiri, na yanayotoka kwenye bomba alfajiri huwa ya baridi. Samaki hawezi kujipasha wala kujipoza, kwani joto la mwili wake hufuata la maji.

Tatu, kuna mtego wa tangi la zamani. Tangi lililokaa miezi mingi bila kubadilishwa maji huelekea kuwa na tindikali, na amonia iliyolundikana humo huwa katika hali isiyo na makali. Maji mengi mapya yenye alkali yakitiwa kwa mkupuo, kipimo cha pH hupanda na amonia ile ile hugeuka sumu kali papo hapo. Samaki aliyeishi humo mwaka mzima huweza kufa siku ya usafi.

Kwa hiyo kanuni ni moja: maji yabadilishwe kidogo kidogo na mara kwa mara, na chujio lisioshwe kamwe kwa maji ya bomba. Sponji ya chujio ikiziba, isuguliwe taratibu ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa tangini.

Tangi la mgonjwa

Iwapo samaki alijeruhiwa na wenzake, hatua ya kwanza ni kumtenga, kwa sababu samaki hushambulia aliye dhaifu. Tangi la lita 20 hadi 40, au ndoo kubwa safi ya plastiki isiyowahi kutiwa sabuni, linatosha kwa samaki mdogo.

Tangi hilo lisiwekwe kokoto. Sakafu tupu humwezesha mfugaji kuona kinyesi na mabaki ya chakula na kuyaondoa mapema. Liwekwe kitu kimoja cha kujifichia kisicho na ncha, kama kipande cha bomba la plastiki au chungu kidogo. Mwanga upunguzwe na tangi likae mahali penye utulivu, kwani samaki mwenye hofu hupungukiwa na kinga ya mwili.

Nusu ya maji ya tangi hilo yachotwe kutoka tangi kubwa, endapo maji yake ni mazuri. Sponji iliyokwisha kutumika katika chujio la tangi kubwa ihamishiwe humo pamoja na pampu ya hewa. Kwa njia hiyo bakteria wema huhamia na mgonjwa, na tangi jipya haliwi jipya tena.

Mapovu ya pampu yana kazi kubwa, kwani maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Lita moja ya maji yenye nyuzi joto 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, na yenye nyuzi joto 30 hubeba takriban 7.6. Katika miji ya pwani, ambako maji ya tangini huweza kufika nyuzi 30 wakati wa kiangazi, upungufu huo humwelemea samaki anayehema kwa shida. Katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi na Arusha tatizo huwa baridi ya usiku, na samaki wa maji ya joto atahitaji kifaa cha kupasha maji.

Wapo wanaoshauri kupandisha joto ili jeraha lipone haraka. Ni kweli kwamba ngozi hujijenga upesi zaidi katika maji ya vuguvugu, lakini baadhi ya bakteria wabaya nao hushamiri katika joto. Ni salama zaidi kuweka joto ambalo samaki huyo amelizoea, bila kupanda na kushuka.

Ratiba ya kila siku

Katika wiki ya kwanza, robo ya maji ya tangi la mgonjwa ibadilishwe kila siku au kila baada ya siku moja. Uchafu wa chini ufyonzwe kwa mpira mwembamba bila kumkurupusha samaki.

Maji mapya yaandaliwe siku moja kabla. Maji ya bomba yakikaa saa 24 katika ndoo iliyo wazi, hasa yakipigwa mapovu, klorini ya kawaida hutoka. Zipo hata hivyo mamlaka za maji duniani zinazotumia kloramini, ambayo haitoki kwa kusubiri. Kwa maji hayo hutumika dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Maji ya kisima hayana klorini isipokuwa yametiwa, lakini mara nyingi huwa na oksijeni kidogo, na katika baadhi ya maeneo ya pwani huwa na chumvi. Yapigwe mapovu kwa siku moja kabla ya kutumika. Maji ya mvua peke yake hayafai, kwa kuwa hayana madini na kipimo chake cha pH huyumba kwa urahisi.

Kabla ya kumimina, mfugaji atumbukize kipimajoto katika ndoo na katika tangi. Tofauti isizidi nyuzi moja au mbili, na maji yamiminwe polepole.

Vifaa vya kupimia maji, vya matone au vya karatasi, ni fedha iliyotumika vizuri kuliko chupa ya dawa isiyojulikana inatibu nini. Amonia na nitriti zinatakiwa kusoma sifuri, na nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita. Amonia au nitriti ikionekana, chakula kipunguzwe na maji yabadilishwe siku hiyo hiyo, yakiwa ya joto na pH inayolingana na ya tangi.

Kuhusu chakula, huruma pia ina hatari zake. Samaki aliyejeruhiwa anaweza kukaa siku moja au mbili bila kula. Akianza kula, apewe kidogo anachoweza kukimaliza katika dakika mbili, na kinachobaki kiondolewe. Kila punje inayooza chini ni amonia ya kesho.

Chumvi na kipimo chake

Chumvi ni msaada wa zamani na wa bei nafuu, na unayo maelezo ya kisayansi. Ikiongezwa kidogo majini, tofauti kati ya damu ya samaki na maji hupungua, figo hupata nafuu na uvujaji wa chumvi kupitia jeraha hupungua. Aidha, chumvi huizuia nitriti isiingie kwa wingi kwenye damu, na huwadhoofisha baadhi ya vijidudu.

Kipimo cha kawaida ni gramu 1 hadi 3 kwa kila lita ya maji. Kwa tangi la lita 20, gramu 2 kwa lita ni gramu 40, yaani takriban vijiko saba vya chai vya chumvi laini. Itumike chumvi isiyochanganywa viungo, iyeyushwe kwanza katika kikombe cha maji ya tangi, kisha imiminwe kwa awamu tatu katika muda wa siku moja.

Chumvi haipotei maji yanapokauka. Mfugaji anayejaza maji yaliyopungua kwa kukauka asiongeze chumvi nyingine. Anayetoa lita tano na kuweka lita tano arudishe gramu 10 tu. Wasioelewa hesabu hii huongeza chumvi kila siku hadi ikawa ndiyo sumu.

Kambale wadogo wa mapambo na samaki wengine wasio na magamba huistahimili chumvi kidogo tu, hivyo kwao ianzwe gramu 1 au iachwe kabisa. Mimea mingi ya majini nayo hudhurika, na hiyo ni sababu nyingine ya kutumia tangi la pembeni.

Umeme unapokatika

Kukatika kwa umeme ni jaribio la mwisho kwa tangi la mgonjwa. Pampu ikisimama, oksijeni hupungua, na bakteria wema waliofungiwa ndani ya chujio lisilopitisha maji huanza kufa baada ya saa kadhaa.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, samaki asilishwe. Sponji itolewe kwenye chujio lililofungwa na kuachwa ielee tangini. Kila baada ya muda mfupi maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa kutoka juu ili yachukue hewa. Zipo pia pampu ndogo za betri. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, maji machafu yaliyolala ndani ya chujio yamwagwe kabla ya kuliwasha.

Wakati wa kutafuta dawa

Jeraha linalopona huonekana. Kingo zake hufifia, wekundu hupungua, pezi huanza kuota kwa utando mwangavu, na samaki hurudi kula na kuogelea wima. Mfugaji anayeona dalili hizo hana haja ya kuongeza kitu isipokuwa maji safi.

Dalili za hatari ni nyuzi nyeupe kama pamba juu ya kidonda, wekundu unaotambaa, pezi linalozidi kuliwa hadi kwenye shina, tumbo lililovimba huku magamba yakisimama, au kuhema kwa kasi wakati vipimo vya maji ni vizuri. Hapo daktari wa mifugo au ofisa uvuvi aulizwe, na dawa itumike kwa ugonjwa unaotambulika.

Dawa za kuua bakteria zisitiwe kwa kubahatisha. Baadhi yake huwaua bakteria wema wa kwenye chujio na kumrudisha mgonjwa katika amonia, na matumizi ya ovyo huwazoesha vijidudu hadi dawa zikashindwa kufanya kazi.

Mfugaji naye ajilinde. Yumo majini bakteria mmoja, wa ukoo wa yule anayesababisha kifua kikuu, ambaye huingia kwenye mkono wenye mchubuko na kuleta uvimbe sugu wa ngozi. Mwenye kidonda mkononi avae glavu, na kila mtu anawe kwa sabuni baada ya kushughulikia tangi.

Samaki akishapona, chumvi ipunguzwe kwa kubadili maji kwa siku kadhaa kabla ya kumrudisha kwa wenzake. Mawe ya tangi kubwa yapangwe upya siku hiyo ili mbabe wa zamani apoteze eneo lake, na jiwe lenye ncha liondolewe. Ikiwa mbabe huyo ataendelea kumshambulia, basi wawili hao wasikae tena tangi moja, kwani hakuna maji yatakayoponya jeraha linalorudiwa kila siku.